Karabine ya .22 inayokwama: tazama kwanza pale risasi imebakia, kisha njo ushike

Ndugu moya wa hapa Lubumbashi ananiuliza hivi: "Muzee jambo. Baba aliniachia karabine ya Browning .22, ile ya Ubelgiji inajipakia yenyewe, risasi zinaingilia kwenye kitako cha mbao. Makaratasi nilisha kugeuza kwa jina langu. Naendaka nayo shambani, barabara ya Kasenga, juu ya kuwinda kanga. Sasa inanichokesha: risasi mbili tatu zinatoka muzuri, ya ine ganda linabanwa pa mulango, ao kulasi (kile chuma kinaenda nyuma na mbele kufunga mututu) inafunga lakini ndani hamuna kitu, na mara ingine nafyatua inafanya tu 'ka', kimya. Nilitia mafuta mingi, nikavuta resori ipate nguvu, bure. Mangaribi nikiwa nyumbani naizoezaka bila risasi, hapo inafanya kazi muzuri sana. Fundi moya wa sudire, wa kuunganisha vyuma na moto, anasema atapiga tupa kidogo pale risasi inaingilia ipate njia. Nikubali?"

Mudogo, jambo sana. Hapana, usikubali. Chuma ukishakitoa hakirudi, na ile mwanzo ya mututu anataka kupigia tupa njo inalishika ganda likae sawa wakati baruti inawaka, ukiipanua hata kidogo ganda linaweza kupasuka upande na moshi wa moto unakuya kwenye macho yako wewe, hauendi kwa mutu wa sudire. Niliwahi kuletewa karabine moya ilipigwa tupa namna hiyo hiyo, mwenyewe alikuwa anajisifu kabisa namna risasi inaingia "kama siagi", nikamuonyesha maganda yake yamevimba tumbo kama mutoto mwenye minyoo. Ile bunduki leo iko inaning'inia ukutani, ni pambo. Kwa hiyo huyo fundi umushukuru, umulipe hata soda, umwambie abakie na milango yake ya chuma.

Katika mambo yote umeandika, ile ulisema kama kwa bahati tu njo imenisimamisha, nitairudilia. Lakini twende pole pole.

Kabla ujaigusa: toa ule mrija wa risasi wa kitako, vuta kulasi nyuma, tazama ndani na tochi, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe na ngozi yako, juu macho inadanganyaka, zaidi mangaribi kama SNEL imekata umeme. Risasi zote ziende chumba kingine, zisibakie pa meza moya na bunduki. Najua unajua. Na mimi najua, na bado nilisha kukuta risasi ndani ya bunduki "tupu" mara tatu katika maisha yangu, moya ilikuwa yangu mwenyewe.

Bon. Hii karabine yako iko na heshima yake. John Browning njo aliichora, kiwanda cha silaha FN cha Herstal kule karibu na Liège, Ubelgiji, ikaanza kuitengeneza 1914, ikaendelea mpaka miaka ya 1970, kisha kazi ikaenda Japani kwa Miroku. Kwa Marekani Remington waliiuza na jina la Model 24 tangu 1922. Kwetu huku zilifika na Babelgiji, zikabakia kwa mashamba na kwa bapapa ba zamani, njo maana mpaka leo unaikuta nyuma ya kabati ya mutu ambaye hata haujamufikiria. Ni mashini ndogo, nyepesi, inavunjika vipande viwili bila tournevis (bisibisi), na ganda halitokei kwa upande sawa na zingine, linatokea chini. Hilo jambo la kutokea chini ulishike, litakuya kutusaidia.

Namna inafanya kazi: kulasi haifungwi na kitu. Hamuna ndoano kubwa inaikaza sawa kwenye bunduki za nguvu, iko tu uzito wa kulasi yenyewe na resori nyuma yake. Risasi ikiwaka, kichwa kinaenda mbele, ganda linasukuma kulasi nyuma, ndoano ndogo ya kulasi inalitoa, linagonga kikomo linaanguka, resori inarudisha kulasi, kulasi inapita inachota risasi ingine inaiingiza. Vyote hivi vinafanyika na nguvu ya ka-risasi kadogo, baruti yenyewe haijazi hata kijiko cha chai. Donke hamuna nguvu ya kupoteza. Mavumbi kidogo, mafuta yaliyoganda kidogo, risasi dhaifu kidogo, ukijumlisha "kidogo" tatu unapata bunduki inayokwama. Kwa hiyo mutu anayetafuta kosa moya kubwa anapitisha siku mingi bure, mara mingi hamuna kosa kubwa.

Sasa sikia namna mimi nafanya. Bunduki ikikwama, batu karibu bote wanafanya kitu kimoya: wanavuta kulasi kwa hasira, takataka inaanguka kwenye majani, wanaendelea kupiga. Basi wametupa barua bila kuisoma. Wewe ikikwama, mudomo wa bunduki unabakia kule kwa usalama, kidole kinatoka kwa gasheti, unaigeuza pole pole unatazama: ganda liko wapi, risasi mpya iko wapi, kulasi imesimamia wapi. Kama una telefoni piga picha. Kisha njo unasafisha njia.

Ukikuta ganda limebanwa pale pa mulango wa kutokea, nusu ndani nusu inje, maana yake kulasi ilirudi nyuma lakini haikufika mwisho ao haikufika na nguvu. Ilichoka njiani. Ama ganda lilitoka sawa likagonga kitu likarudi. Na hapa nakuuliza: mukono wako wa kushoto unaushikiliaka wapi? Juu hizi Browning za .22 mulango uko chini, na nimeona batu wengi wanaweka kiganja chini kabisa ya mulango bila kujua, ama wanalaza bunduki juu ya mufuko wa mchanga ao juu ya jiwe la kichuguu ili ikae imara, maganda yanatoka yanagonga mufuko yanarudi ndani. Hakuna fundi duniani atakutengenezea hiyo. Sogeza mukono mbele, kwenye mbao ya mbele ya kweli, uone. Kuna papa mumoya aliniletea yake mara mbili, mara zote mbili napiga mimi risasi hamusini haikwami, anapiga yeye inakwama, nikasimama upande wake nikamutazama tu: kiganja kilikuwa kimefunika mulango kama mutu anafunika kikombe cha chai juu ya nzi. Tulicheka mpaka machozi. Hakurudi tena na hiyo shida. Na ukivaa shati ya mikono mirefu ufunge vifungo, maganda yako moto na yanapenda kuingia mule.

Kama mukono hauhusiki, basi ni risasi ao uchafu ao ile resori ulivuta.

Risasi. Unanunuaka wapi na unanunuaka namna gani? Hauko lazima unijibu kwa jina la mutu, lakini kama zinakuya ndani ya kamufuko ka plastiki zimechanganyika, tano za boksi hii, kumi za boksi ile, zingine zimeota kijani kitakoni, usitafute ingine sababu. Hii .22 Long Rifle iko dunia nzima tangu 1887 na iko na ladha mingi. Kuna za mbio, kichwa kinatoka karibu metre 380 kwa segonde. Kuna za kawaida, 330 hivi. Kuna zile za kimya kimya zimefanywa zisipite mbio ya sauti, kama 320. Kwa bunduki ya kulasi ya mukono zote zinafaa, unavuta mwenyewe. Kwa yako inayojipakia, zile za polepole zinaweza kukosa nguvu ya kurudisha kulasi mpaka mwisho, halafu unalaumu bunduki. Kisha kuna .22 Short, fupi, inaingia mule ndani sawa na mutoto anavaa koti ya baba yake, na inawaka, lakini haitazungusha mashini ya Long Rifle na inaacha duara ya moshi mugumu ndani ya shambre (ile mwanzo ya mututu risasi inakaa) pale ganda lake fupi linakomea. Baadaye ukirudi kwa Long Rifle ganda linagonga hiyo duara, linaingia kwa shida, linatoka kwa shida. Browning walitengenezaka zingine za Short tu na zingine za Long Rifle tu, soma ile maandiko iko kwenye mututu, yako ni gani? Usikisie, usome.

Uchafu sasa, na hapa nitakawia kidogo juu hapa njo pana nusu ya kazi yangu yote. Kichwa cha .22 mara mingi ni cha madini ya risasi yenyewe, lead tupu, na kimepakwa nta inje. Kila unapopiga, nta kidogo na lead kidogo na majivu ya baruti vinabakia ndani ya shambre na mbele ya kulasi. Ongeza mavumbi mekundu ya hapa kwetu, mwezi wa saba mwezi wa nane, yanaingia mpaka kwenye frigo. Ongeza mafuta yako "mingi". Unapata nini? Matope. Nilisha kufungua karabine ya mutu ndani ikiwa na mawese, ndiyo, mawese ya kupikia sombe, alisema mafuta ni mafuta. Ilikuwa imeganda kama karameli, kulasi inarudi pole pole kama muzee anashuka ngazi. Mafuta ya moteri si mabaya sana lakini ni mazito na yanashika vumbi. Mafuta ya mashini ya kushona, hiyo njo ya kwako: matone matatu, mane, upake na ncha ya kitambaa kisha upanguze sawa vile umebadirisha mawazo. Chuma king'ae kidogo tu, kisilowe. Ndani ya shambre na ndani ya ule mrija wa risasi, hapana, hata tone. Pakae pakavu.

Kusafisha: yako iko na bahati inafunguka. Sukuma kale kakifungo ka chini ya mbao ya mbele, vuta kulasi nyuma kidogo, zungusha robo, mututu unatoka peke yake. Sasa unaweza kusafisha mututu kuanzia nyuma, upande risasi inaingilia, bila kukwaruza mudomo wa mbele ambao njo unaamua kama utapiga kanga ao utapiga kichaka. Petroli ya taa (mafuta ya taa) ndani ya kakopo, brosi ya meno ya zamani ya nailoni, vijiti vya mbao vilivyochongwa. Usitumie esansi, ile ya motokari, inawaka na inakula verni ya kitako cha baba yako. Usitumie waya wa chuma wala musumari, hata ukikasirika. Sugua uso wa kulasi, ingia chini ya ndoano na ncha ya kijiti, pale chini ya ndoano mara mingi panakuwa na kitu kinafanana na mkaa uliokanyagwa, kigumu, na hicho kinainua ndoano kidogo isishike ukingo wa ganda. Kisha shambre: kitambaa kwenye kijiti, petroli, zungusha, acha dakika kumi, zungusha tena. Ukiona kitambaa kinatoka na duara nyeusi, umepata adui. Unarudilia paka kitoke cheupe. Kisha kauka. Yote saa moya, ukiwa na chai saa moya na nusu.

Ile resori. Hukuniambia ni gani ulivuta. Kama ni ile ya kulasi, mudogo, ulijitia shida mwenyewe: umeifanya kwa muda ikaze zaidi, kulasi inapata kazi kubwa ya kurudi nyuma, inarudi nusu njia, ganda linabanwa pa mulango. Yaani uliongeza ugonjwa ule ule ulikuwa unatibu. Kisha resori iliyovutwa na mukono haibakii na nguvu, wiki mbili tatu inalegea kupita mwanzo, sasa unapata ugonjwa wa pili. Resori haivutwi, inabadirishwa. Za Browning ya .22 zinapatikana juu ile bunduki ilitengenezwa miaka mingi, muombe armurié (fundi wa bunduki) akuletee ya kweli. Kukata ya birò (kalamu) ao ya mashini ya kitu kingine uiweke mule, hapana.

Sasa ile ya pili, kulasi inafunga na ndani hamuna kitu. Hapa kuna njia mbili na ni rahisi kuzitenganisha. Ao kulasi haikurudi nyuma vya kutosha ili ichote risasi, basi ni ugonjwa ule ule tumetoka kuongea. Ao kulasi ilirudi sawa lakini risasi haikufika kwa wakati, mrija uko unachelewa. Wewe unasema ndani hamuna kitu, yaani ganda limekwisha kuanguka, na kwenye karabine yako hiyo inanipeleka kwa mrija. Uchomoe kutoka kitakoni: uzungushe kichwa chake, unatoka. Ule wa ndani ni mwembamba kama kijiti cha soda, ukianguka mara moya pa simenti unapata kashimo, na kasukumio kanapita pale kanakwama. Pitisha vidole ukifumba macho, kidole kinaona mashimo kuliko macho. Kisha sukuma kale kasukumio na kijiti cha mbao, kiende kirudi: kirudi chenyewe, sawa sawa, bila kusimama njiani kufikiri. Kikisimama, mrija una shimo ao resori yake ndani imekunjika ao uliweka mafuta na mafuta yamekuwa gundi. Mafuta yanatoka na petroli. Shimo, unapeleka kwa armurié, usinyooshe na koleo juu utaligeuza yai.

Na namna ya kupakia: risasi zinaingilia kwenye katundu ka kitako moya moya, mudomo mbele. Usijaze haraka haraka ukitingisha, hizi risasi ni laini, kichwa kikigongwa kinapinda shingoni, na risasi iliyopinda shingo haiingii shambre hata na maombi. Ukikuta risasi mpya imesimama na pua imegonga ukingo wa shambre, uichomoe uiviringishe pa kioo ya meza. Ikicheza kama tairi ya velo iliyopinda, kosa ni la risasi.

Jirani yako akija na Ruger 10/22 yake (bako wengi sasa, ile imeanza 1964) usimufundishe haya ya mrija. Yake iko na shargeri (kisanduku cha risasi) ya kuzunguka ya risasi kumi, ndogo, inaingia tumboni, na uchafu wake unakaa ndani ya shargeri yenyewe na kwenye midomo yake ya chuma. Kama ana shargeri mbili, aziandike 1 na 2 na kalamu, apige, aone ni gani inakwama. Ikiwa ni ile ya 2 tu, bunduki ni nzima. Watu hawafanyi hii kitu rahisi namna hii, wanafungua bunduki yote pa meza kwanza, kisha wananitumia picha ya vipande na kuuliza kipi kinakwenda wapi.

Bon, nirudi kwa ile neno lako ilinisimamisha: "naizoezaka bila risasi." Mudogo. Kwenye .22 dawa ya kuwashia iko ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, haiko katikati, kwa hiyo sindano (kale kachuma kanagonga risasi iwake) inagonga pembeni. Ndani mukiwa risasi, sindano inakuta ukingo wa shaba, laini. Ndani mukiwa tupu, kwenye bunduki mingi za .22, zaidi za zamani zilizochoka, sindano inaweza kufika paka kwenye chuma cha mututu. Ka! Kila mangaribi. Ka! ka! Chuma kinapata kashimo, na ile nyama ya chuma iliyotoka kwa kashimo inaenda wapi? Inasukumwa kuelekea ndani ya shambre, inafanya kajino kadogo. Sasa ganda linaingia kwa kukwaruzwa na linatoka kwa kukwaruzwa, kulasi inapoteza nguvu yake pale, na siku ingine risasi haifiki mwisho, kulasi haifungi kabisa, sindano inagonga dhaifu: inafanya "ka", kimya. Unaona? Malalamiko yako matatu yanaweza kutoka kwa kajino kamoya, na kajino ulikatengeneza wewe na redio ikiwaka.

Usiniamini, hakikisha. Chukua ganda moya ulilopiga, pa mwangaza wa dirisha, na kale kalupu ka kutazamia saa. Tazama ubavu karibu na ukingo: kuna mukwaruzo moya mwembamba, ulionyooka, ukianzia pale pale chini ya alama ya sindano? Chukua maganda tano. Kama yote yana mukwaruzo mahali pale pale, ni kajino. Kisha toa mututu, tazama ukingo wa nyuma wa shambre na tochi, utaona kashimo kenye umbo la ncha ya sindano. Hiyo kazi iko na dawa na dawa si tupa. Armurié iko na kachuma kalichochongwa sawa na shambre, anakaingiza, anasukuma ile nyama ya chuma inarudi pahali pake, hapunguzi kitu. Dakika kumi. Mutu wa tupa angeitoa ile nyama na kashimo kangebakia milele. Tangu leo kama unataka kuzoeza kidole, kuna risasi bandia za plastiki.

Tukiwa na lile ganda mukononi tulimalizie kusoma. Alama ya sindano iwe ya kina, inaonekana wazi. Kama risasi ilikataa kuwaka na alama ni ya kina, ni risasi mbovu, ile dawa hufika kwenye ukingo kwa kuzungushwa na wakati mwingine inaruka sehemu, ukiigeuza nusu duara ukaipiga tena mara mingi inawaka. Kama alama ni nyepesi kama kidole kwenye unga, basi sindano imechoka ao njia yake imejaa matope ao kulasi haikufunga. Na kwa Browning hii kuna sababu ingine ya alama nyepesi, mututu umelegea. Ushike kitako mukono moya, mututu mukono mwingine, ujaribu kuutikisa. Uko unacheza? Pale nyuma ya mututu kuna pete ya kukazia, kazi yake ni hiyo tu, kula ule mwanya unaokuya na miaka. Unaigeuza hatua moya, unafunga, unajaribu. Ikikataa kufunga ulizidisha, rudi hatua moya. Mututu unaingia kwa kukaza kidogo na mukono, si kwa goti.

Ubavu wa ganda nao, ukiwa mweusi wa moshi mpaka kitakoni, ni risasi dhaifu ao shambre chafu. Ukingo ukiwa umekwanguliwa, umeng'olewa kipande pale ndoano inashika, ndoano iko inafanya kazi yake muzuri lakini ganda linakataa kutoka, rudi kwa kajino ao kwa uchafu. Ukingo ukiwa safi kabisa, hamuna hata alama ya ndoano, na ganda lilibakia ndani, basi ndoano imechoka.

Mambo mawili hayana mchezo. Ikifanya "ka" kimya, usifungue mara moya, mudomo ubakie pa usalama, hesabu mpaka 30 pole pole, kuna risasi zinachelewa kuwaka. Na ikitoa kasauti kadogo, "pf", sawa na kizibo, usipige ingine hata kama kanga iko inakutazama. Kichwa kinaweza kuwa kimebakia ndani ya mututu, na risasi ya pili ikikikuta mule mututu unavimba ao unapasuka. Toa zote, fungua, tazama mwangaza unapita. Oh na la tatu: kama siku moya unafyatua mara moya zinatoka mbili, usifurahi, usiwaonyeshe barafiki. Kitu ndani kimekwisha, peleka kwa armurié siku hiyo hiyo, na kabla ya kufika kwake isirudi shambani.

Sasa fanya hivi, kwa mupango. Jumamosi safisha sawa nilivyosema, soma maganda tano, tikisa mututu. Kama hamuna kajino na hamuna mwanya, chukua boksi moya ya risasi za mbio, boksi moya tu ya aina moya, na kaye (daftari) na kalamu. Piga kumi kumi, mukono mbele, andika kila ikikwama: ya ngapi, ganda wapi, risasi wapi. Kama hamusini zinapita na mbili tu zimekwama, usiongeze kitu, bunduki ya miaka yote ile iko na haki ya kukohoa mara mbili. Kama bado inabana ganda, ni resori uliyovuta, unabadirisha. Kama bado inafunga tupu, ni mrija. Ukikuta kajino, acha yote, usipige hata moya, nenda moya kwa moya kwa armurié.

Na ukienda kwa armurié enda na makaratasi yako mufukoni, permi ya bunduki na permi ya kuwinda vyote viwili, juu ni sheria mbili tofauti, ya silaha ni ya 1985 na ya kuwinda ni ya 1982, na polisi wa barabarani anazijua zote mbili akitaka. Bunduki iwe imevunjwa vipande viwili ndani ya mufuko, mrija umetolewa, risasi pahali pengine. Yako kwa bahati inaingia ndani ya sakosi ya mutoto wa shule. Kisha uniandikie ulikuta nini kwenye yale maganda tano, na kama unaweza, picha ya ukingo wa shambre karibu kabisa, ukitegeshea lupu mbele ya kamera ya telefoni, inatoka muzuri.